Mlango wa Mkwe

Wiki ile nilikuwa naamka saa kumi na mbili ili nimwagilie ukuta kabla ya kwenda kazini. Ndoo nne za maji na kopo kuukuu la rangi nililolitoboa matundu kwenye kitako. Nilianzia juu kushuka chini, taratibu, mpaka matofali yabadilike rangi. Fundi Samson alikuwa amenionya kwamba saruji isiyonyweshwa siku saba za mwanzo hugeuka unga, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kufika kabla ya saa mbili, kazi hiyo ikawa yangu. Niliipenda. Ukuta haumuulizi mtu maswali.

Jumanne, siku niliyokuwa naingia kazini mchana, saa mbili ilinikuta kwenye ndoo ya tatu, nimesimama katika uchochoro mwembamba kati ya chumba kipya na uzio wa minyaa wa jirani yetu Mzee Nikodemu, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Naomba usimwage tena, dada. Simama hapo hapo."

Alikuwa mwanamke wa rika langu, viatu vimejaa tope, amevaa kizibao cha kung'aa na kubana faili kwapani. Mkono mmoja ulikuwa na tepu ya kupimia, mwingine na kopo la rangi nyekundu. Nililiona lile kopo kabla sijamwona yeye usoni. Hakuna mtu mtaani kwetu Bangwe asiyejua rangi nyekundu ukutani ina maana gani.

"Naitwa Elinipa, mkaguzi wa majengo. Mwenye nyumba yupo?"

Mama yangu, Veneranda, alikuwa ameshatokeza mlangoni, anajifunga kanga vizuri. "Mwakeye, mwanangu. Karibu."

Lafudhi ya yule dada ilikuwa ya Upareni. Hakujua la kujibu kwa Kiha, akasema, "Shikamoo, mama," na akasubiri aitikiwe kabla ya kufungua faili. Nilimpenda kwa hilo, halafu nikamwogopa zaidi.

"Mama, ujenzi huu una kibali?"

"Unacho," mama alijibu bila kusita. "Recho, mletee mkaguzi kibali."

Sikwenda popote. Maji yaliyobaki kwenye kopo yalikuwa yananichuruzikia mkononi hadi kwenye kiwiko.

Chumba kile kilikuwa cha shemeji yangu Meshack, mume wa dada Christina. Miezi miwili nyuma, kule Kalinzi wanakoishi, pikipiki iliyobeba magunia mawili ya kahawa ilimwangukia kwenye mteremko ikamuumiza mgongo. Hospitali walikuwa wamesema Ijumaa ya wiki hiyo watamruhusu, lakini kwa sharti: mara tatu kwa wiki aletwe kufanyishwa mazoezi ya miguu. Daktari alimwambia Christina, nami nikiwepo, kwamba akiyaacha mazoezi sasa miguu itakakamaa, na ikishakakamaa asimlaumu mtu. Huwezi kumteremsha mtu wa namna hiyo kutoka Kalinzi mara tatu kwa wiki. Njia ya kufika kwao inamalizikia kwa miguu, kati ya mibuni. Ndiyo maana mama aliamua kuongeza chumba kwenye kona ya nyuma ya nyumba yetu, na kuomba kibali nilikuwa nimekabidhiwa mimi, msomi wa nyumba.

"Recho," mama alirudia.

"Mama, sikuipeleka."

"Hukupeleka nini?"

"Fomu. Haijafika manispaa."

Wakati huo huo Samson alikuwa anaingia uani na mwiko wake mfukoni. Alisimama akaangalia ukuta, kisha mimi. "Yewe, Recho! Nimepandisha kozi kumi na nne za matofali juu ya fomu iliyolala kabatini?"

Hakuna aliyecheka. Ukweli ni kwamba nilikwenda. Nilipanga foleni na ile fomu na ramani, na nilipofika karibu na dirisha mzee mmoja nyuma yangu, mtu wa maneno, akachungulia begani kwangu akasoma kwa sauti: "Matumizi ya chumba: mgonjwa. Mnafungua zahanati, binti?" Watu wakaangua kicheko. Akachungulia na ramani. "Na huu mlango wa uchochoroni ni wa nani? Hii si gesti?" Wakacheka zaidi. Nikaikunja fomu nikaitia kwenye mkoba, nikajiambia nitarudi Jumatatu foleni ikiwa fupi. Jioni, fomu nikiwa nimeshaificha kabatini, mama aliniuliza kama nimeipeleka. Nikasema ndiyo. Jumatatu ikapita, na nyingine, na Samson akaanza kuchimba msingi, na kila tofali lililopanda likaufanya ukweli uwe mgumu zaidi kuutamka. Kazini kwangu, kwenye maabara ya zahanati, siku nzima naweza kukaa na darubini bila mtu kunisemesha. Nilikuwa nimezoea mambo yasiyohitaji kusemwa.

Mama hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema, "Basi," kisha akamgeukia Elinipa. Ni afadhali angenipiga.

Elinipa aliingia uchochoroni, akavuta tepu kutoka kwenye ukuta mpya hadi kwenye bikoni ya mpaka iliyojificha chini ya minyaa. "Sentimita sitini na tano," alisema, akaandika. Akapima mlango. Akapima tena uchochoro, kama mtu asiyeamini. "Mama, chumba ni cha nani?"

Nilijibu mimi. Nilimweleza habari za mgongo, za mazoezi, za Ijumaa. Aliniachia niseme hadi mwisho.

"Ana kiti cha magurudumu?"

"Ndiyo."

"Kitapitaje hapa?"

"Tutambeba," Samson alidakia. "Mimi nilishasema, nitambeba mgongoni kama gunia."

"Na moto ukiwaka humu ndani wewe ukiwa kwako?"

Samson alijikuna shingo.

"Sikilizeni," Elinipa alisema. "Ukuta mtupu karibu na mpaka naweza kuuombea, jirani akiridhia kwa maandishi. Lakini ukuta wenye mlango unatakiwa uwe mita moja na nusu kutoka mpakani. Huo siwezi kuuombea hata kama ningekuwa mwanao." Aliingia ndani ya chumba kisicho na paa, akazunguka. Upande mmoja ulikuwa huo wa minyaa. Wa pili ulikuwa wa dirisha, na chini ya dirisha kingo ya mawe inashuka mita tatu hadi kwenye njia ya ziwani. Kuta mbili zilizobaki zilikuwa za nyumba yetu yenyewe: mmoja wa chumba cha mama na mwingine wa sebule. Aligonga ule wa sebule kwa kidole. "Mlango utoboeni hapa. Ule wa nje uzibeni. Ni kazi ya siku moja."

Mama alicheka kwa pua. "Mkaguzi, umeolewa?"

"Bado, mama."

"Ndiyo maana."

Ilibidi nimweleze hilo nalo. Mama alizaliwa Heru na alilelewa na bibi yake, na kwa bibi huyo mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, hawaitani majina. Watu wengi wa hapa mjini walishayaacha hayo, tena wanamcheka mama, lakini yeye hakuyaacha. Miaka saba tangu Christina aolewe, Meshack akija anakaa barazani kwetu, mama anatokea mlango wa jikoni anaenda kukaa kwa jirani, na mimi ndiye ninayepeleka ugali na migebuka na kurudisha salamu. Mama anamwita "mgeni". Meshack akisikia hatua zake anageukia ukutani. Mlango wa uchochoroni ulikuwa wa mama kabisa. Ramani ya kwanza aliichora mwenyewe kwa kijiti mchangani, na kitu cha kwanza alichochora kilikuwa mlango huo.

"Na kwenu mkwe anakaa wapi?" mama alimuuliza Elinipa, kama anayemshtaki.

"Kwetu siku hizi anaosha hata vyombo, mama."

Samson alilipuka kwa kicheko mpaka akashika ukuta. Mama alimtazama, kicheko kikakatika.

Elinipa alifungua kopo. Aliandika kwenye ukuta niliotoka kuunywesha, herufi kubwa zinazotiririka kwa maji: SIMAMISHA UJENZI. Chini yake tarehe. Kisha akafunga kopo.

"X ya kubomoa sijaweka," aliniambia mimi, kwa sauti ya chini. "Ijumaa saa nane mchana nataka faili mezani kwangu. Fomu, ramani yenye mlango wa ndani, sahihi ya jirani, sahihi ya mama. Likiwepo nitaliombea, na sidhani litakataliwa. Lisipokuwepo linatoka mikononi mwangu linakwenda kwa wakubwa, na wao wakija hawaji na tepu."

Jumatano nilipotoka kazini nilikwenda kwa Mzee Nikodemu na karatasi mkononi. Nilizunguka nyumba yake mara mbili kabla ya kubisha. Alikuwa uani anageuza dagaa kwenye vichanja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe mdomo unao. Nilidhani una kopo la maji tu." Hakuinua macho. "Mimi ndiye niliyepiga simu manispaa. Sipendi ukaisikie kwa watu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

"Hutaki kuniuliza kwa nini?"

"Kwa nini, mzee?"

"Paa lenu litaangalia wapi? Huku! Masika ikija maji yote yanaruka minyaa, yanatua kwenye dagaa wangu. Na hamkuja kuniambia hata neno. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hakati tawi la mnyaa bila kuja hapa kuniaga. Nyie mnanipandishia ukuta puani mwangu, mnanisalimia kwa tabasamu."

Alikuwa na haki. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba fomu ilikaa kabatini kwa kosa langu, kwamba mama hakujua, na kwamba nilimuuliza Samson, akasema paa linaweza kugeuzwa limwage upande wa kingo, na gata ya kukinga maji juu. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa maishani.

Alinawa mikono akaichukua karatasi. Akanirudishia. "Nisomee."

Nikamsomea.

"Hujaandika gata. Neno gata liwemo."

Nikaandika gata. Akataka nimsomee tena tangu mwanzo, akaweka sahihi ndefu yenye mkia.

"Na mama yako je? Ameukubali huo mlango wa sebuleni?"

"Bado."

"Basi sahihi yangu hii ni ya kufungia karanga." Alirudi kwenye vichanja vyake. "Miaka saba anamkimbia yule kijana kama kuku anayemkimbia kicheche. Akija mkwe, mama yako anakuja kukaa hapo kwenye kigoda, anakunywa chai yangu, anasikiliza kikohozi cha mkwe wake kupitia minyaa. Kisha ananiuliza: kikohozi kile si cha kifua, kweli?"

Sikujua hilo.

Alhamisi mchora ramani wa mjini alinibadilishia mlango kwa nusu saa. Jioni niliitandaza ramani juu ya meza ya sebuleni, nikaweka kalamu pembeni. Pale meza ilipokuwa inagusa ukuta, ndipo mlango ungetobolewa. Mama aliiangalia muda mrefu bila kukaa.

"Kwa hiyo atapita hapa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na akienda chooni?"

"Atapita hapa hapa, na kiti."

"Akibebwa."

"Mwanzoni, ndiyo."

"Bibi yangu aliingia kaburini hakuna mkwe aliyewahi kumwona anatafuna. Mimi nitakaa hapa, nimwone mume wa mwanangu anabebwa kama mtoto kwenda kujisaidia? Aibu yake nitaiweka wapi, Recho? Akishapona ataniangalia vipi? Wewe unadhani namkataa. Ninamsitiri."

"Huko nje asingeweza kupita kabisa, mama. Sentimita sitini na tano."

"Najua kupima."

Simu yangu ikalia. Alikuwa Christina. Niliweka sauti ya juu, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuwa mjumbe.

"Recho, Meshack amesikia habari ya rangi. Samson alikuja kumwona, akamwaga yote." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshalia akamaliza. "Anasema hawezi kuwa sababu ya nyumba ya mama kubomolewa. Wilfred, dereva wa huko kwetu, anashusha kabichi kesho sokoni, saa tano atapita hapa hospitali na pikapu, atatupandisha hadi Kalinzi inapoishia barabara. Kutoka hapo watambeba kwa machela."

"Na mazoezi?"

"Anasema atafunga kamba darini, atafanya mwenyewe."

"Dada, daktari alisema..."

"Alichosema daktari nakijua. Mimi ndiye ninayelala chini ya kile kitanda."

Mama alikuwa amekuja hadi karibu na meza. "Mwambie mgeni asubiri," alisema.

"Mama? Kumbe upo hapo. Mwambie wewe. Yuko hapa, simu naiweka sikioni mwake sasa hivi."

Tulisikia pumzi ya mtu upande wa pili. Polepole, ya mtu anayengoja. Mama aliinama juu ya simu. Midomo yake ilifunguka. Nilimhesabia moyoni, moja, mbili, tatu, nikafika tisa. Kisha akainuka, akaisukuma simu kwangu kwa ncha ya kidole kama kitu cha moto, akaenda jikoni. Kalamu ilibaki ilipokuwa.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini. Nilitia faili kwenye mfuko wa nailoni, kila kitu kikiwemo isipokuwa sahihi moja, nikatoka kwenda hospitali. Nilipofika njiani nilisikia kandambili nyuma yangu. Mama hakusema anakuja wala anakwenda wapi. Tulitembea hadi stendi ya bajaji, tukakaa kwenye kiti kimoja, na njia nzima alikuwa anaangalia upande wa ziwa.

Pikapu ilikuwa imeshafika kwenye uwanja wa hospitali, imerudi kinyumenyume hadi barazani. Wilfred alikuwa anafagia majani ya kabichi kutoka nyuma, godoro limekunjwa limeegemezwa tairi. Christina alikuwa anafunga vyombo kwenye kanga. Meshack alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kivulini, shuka mapajani. Alikuwa amekonda; mabega yalikuwa yale yale ya mtu wa jembe, lakini shingo ilikuwa ya mtu mwingine. Alipomwona mama, alijificha kama siku zote: alivuta shuka akajifunika kichwa.

Mama naye alisimama upande wa pili wa pikapu, gari likiwa kati yao.

"Christina," alisema, akiiangalia taa ya gari, "mwambie mgeni barabara ile ina mawe."

"Anasikia, mama."

"Mwambie Kalinzi kuna baridi."

"Anakaa huko, mama. Anaijua."

Chini ya shuka Meshack alisema, kwa adabu ile ile ya miaka yote, "Christina, mwambie mama nashukuru. Mwambie sitaki alale jikoni, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa ajili yangu."

"Jamani," Wilfred alisema, akitupa fagio, "mimi nimebeba kabichi miaka kumi na hazijawahi kuwa na maneno hivi. Mzee, unapanda au hupandi? Jua hili litakukaanga."

"Napanda."

Niliangalia saa. Ilikuwa saa tano na nusu. Niliutoa mkono wenye faili mbele, bila kujua namwonyesha nani. "Mama," nilisema, "mimi nilinyamaza wiki nne, na unaona tulipofika."

Wilfred na mhudumu mmoja wa wodi walishika kiti, mmoja huku mmoja kule, wakahesabu, wakainua. Kiti kililalia nyuma. Walikuwa wameangalia magurudumu, Christina alikuwa ameshika mgongo, na hakuna aliyekuwa ameshika miguu. Mguu wa kulia uliteleza kutoka kwenye kikanyagio ukaning'inia, ukawa unaelekea kwenye ukingo wa chuma wa mlango wa nyuma wa pikapu, na Meshack mwenyewe hakujua, kwa kuwa hakuwa anauhisi.

Mama alizunguka gari. Sikumwona akitembea, nilimwona tu ameshafika, viganja vyake viwili vimeubeba ule mguu, kisigino kimetulia kwenye kanga yake. Kandambili moja ilibaki nyuma.

"Shusheni," alisema.

"Mama, tumeshainua..."

"Wilfred, shusha!"

Wakashusha. Mama aliinama na mguu, akafuatana nao hadi chini, lakini hakuuachia. Shuka lilikuwa limedondoka kichwani mwa Meshack. Alikuwa amefumba macho kwa heshima. Christina aliweka kiganja mdomoni.

Mama alipiga magoti kwenye changarawe. Alitazama ule mguu, kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza nikamwona anamtazama mkwe wake usoni.

"Meshack," alisema. Sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. "Fungua macho, mwanangu, nisije nikasema na hewa. Mlango ule wa nyuma sikuuweka kwa sababu sikutaki. Niliuweka nisije nikakuona unabebwa, nawe usije ukaniona nakuonea huruma. Nilisema nakusitiri. Nilikuwa naogopa. Sasa mguu wako nimeushika, na aibu niliyoiogopa siioni iko wapi. Sitaki uende Kalinzi. Nataka uje kwangu, upite mlango wangu wa ndani, sahihi yake naiweka leo, ulale sebuleni kwangu mpaka chumba kiwe na paa, ule nikikuona, na mimi nile ukiniona. Nataka utembee. Nakutaka nyumbani."